Bangkok kwa wiki moja: pa kulala kwanza, mengine baadaye

Kabla ya kupanda ndege

Andika Bangkok kwenye programu ya kuweka nafasi za hoteli, na karibu kila chumba kitajitangaza kuwa kiko katikati ya mji. Mji huu hauna katikati moja. Nguo za jumla ziko Pratunam, vito viko mwisho wa Silom, hospitali inayojulikana zaidi kwa wagonjwa wa kigeni iko Nana, kasri na mahekalu makubwa yako mji mkongwe kando ya mto. Kati ya kimoja na kingine ni kilomita nne, tano, sita. Saa 5 usiku teksi huumaliza umbali huo kwa robo saa. Saa 11 jioni itakuchukua saa nzima, au utashuka njiani ukatembee.

Wingi wa magari ni sehemu tu ya sababu. Barabara kubwa ni chache na ziko mbalimbali, na katikati yake kuna vichochoro virefu viitwavyo soi, ambavyo vingi havitokei upande wa pili. Gari la ndani ya soi halina njia ya kukwepa, lazima lirudi barabara kuu ile ile. Kwenye makutano makubwa askari mara nyingi huongoza taa kwa mkono, na nyekundu inaweza kudumu dakika kadhaa. Foleni ya asubuhi ni saa 1 hadi saa 3 na nusu, ya jioni saa 10 hadi saa 2 usiku. Ijumaa jioni ni mbaya zaidi, na mvua za Mei hadi Oktoba zinapojaza maji kwenye soi, saa hizo hazina mpaka tena.

Kwa hiyo chagua kituo cha treni kwanza, hoteli baadaye. Njia za kukumbuka ni tatu. BTS ni treni ya juu iliyoanza Desemba 1999. Ina njia mbili kuu, ya Sukhumvit na ya Silom, zinazokutana kituo cha Siam. MRT ya bluu ni ya chini kwa chini, ilianza 2004. Ya tatu ni reli ya uwanja wa ndege, inayoishia Phaya Thai. Hoteli iliyo ndani ya mita 500 kutoka mlango wa kituo ni nzuri, mita 800 inavumilika, na ikizidi kilomita moja utaanza kupanda bodaboda kila asubuhi. Pima kwa ramani ya kutembea kwa miguu, kutoka mlango hadi mlango. Mstari ulionyooka usiuamini: mfereji mmoja usio na daraja karibu hugeuza mita 300 kuwa kilomita.

Weka nafasi ya usiku mbili tu kwanza, katika hoteli inayoruhusu kufuta bila malipo, hata kama viza ilidai uoneshe malazi ya safari nzima. Ndani ya siku tatu kabla ya kufika jaza kadi ya kuingia ya mtandaoni, TDAC, inayotumika tangu Mei 2025. Nayo inauliza anwani ya hoteli. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi, si ndani ya sanduku. Wanaotoka Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wote wanaulizwa, na chanjo iwe imetimiza siku 10.

Siku ya 1, Jumamosi: Suvarnabhumi hadi kitandani

Uwanja wa Suvarnabhumi uko karibu kilomita 30 mashariki mwa mji. Ukishuka usikimbilie foleni ya uhamiaji. Tafuta kwanza dawati la afya, ujaze fomu na kadi ya manjano igongwe muhuri. Anayeruka hatua hii husimama foleni ya uhamiaji mpaka mbele kabisa, kisha hurudishwa nyuma kuanza upya.

Ghorofa ya chini kabisa, panapopandiwa treni, pana vibanda vya kubadilisha fedha vyenye bei nzuri kuliko vile vya ukumbi wa mizigo. Noti za dola 100, mpya na safi, hupata bei bora. Noti ndogo hupunguziwa na iliyochakaa hukataliwa. Mashine za kutolea fedha humkata mwenye kadi ya nje baht 220 (baht ndiyo fedha ya Thailand) au zaidi kila anapotoa, kwa hiyo toa mara moja kiasi cha kutosha, si kidogo kidogo.

Treni inakwenda kuanzia saa 11 na nusu alfajiri hadi saa 6 usiku. Mpaka mwisho wa njia, Phaya Thai, ni chini ya nusu saa na nauli ni baht 45. Vituo vitatu vya mwisho ndivyo vyenye maana kwa anayechagua pa kulala: Makkasan, penye daraja la miguu la kuunganisha na MRT Phetchaburi, Ratchaprarop, cha kushukia Pratunam, na Phaya Thai, pa kupandia BTS. Treni yenyewe ni fupi. Saa za kazi hujaa wafanyakazi hadi mlangoni, na mwenye masanduku mawili makubwa hukodolewa macho, kwa haki kabisa.

Wakiwa watatu wenye mizigo, teksi ni nafuu zaidi. Shuka ghorofa ya kwanza, bonyeza mashine ikupe karatasi yenye namba ya maegesho, na karatasi hiyo usimpe dereva. Ndiyo ushahidi wako kukitokea ugomvi. Mita huanzia baht 35, inaongezwa baht 50 ya uwanja, na ada ya barabara ya kulipia ni juu ya abiria. Mpaka maeneo ya Sukhumvit jumla huwa kati ya baht 350 na 500 bila foleni kubwa. Anayekutajia bei moja bila mita, mwambie asante na urudi kwenye mashine.

Mapokezi ya hoteli huomba amana, kawaida baht 500 hadi 2,000, inayorudishwa ukitoka. Lipa taslimu na udai risiti. Ikikatwa kwenye kadi inaweza kuchukua wiki kadhaa kurudi, na kwa kadi za akaunti za kwetu hiyo ni fedha iliyofungwa. Soketi za Thailand hazipokei plagi yetu ya miguu mitatu ya mraba, basi njoo na adapta. Sigara za umeme ziache nyumbani, ni haramu kisheria nchini humo.

Siku ya 2, Jumapili: Pratunam

Hapa ndipo wanunuzi wengi wa nguo kutoka Afrika Mashariki hulala, na sababu iko wazi. Soko la mtaani, jengo la Platinum, maduka yaliyozunguka mnara wa Baiyoke wenye ghorofa 85, na ofisi za kago za kupeleka mizigo Afrika, vyote viko ndani ya mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu. Chumba cha kawaida chenye kiyoyozi huwa baht 900 hadi 1,500. Mwenye kununua asubuhi, kurudisha mzigo chumbani saa 6 mchana na kutoka tena hana haja ya kutafuta mtaa mwingine.

Lakini ujue unachokipata. Pratunam haina kituo cha BTS. Kutoka Platinum kuna njia ya miguu ya juu inayovuka mfereji, inapita kwenye maduka makubwa ya Ratchaprasong hadi kituo cha Chit Lom; ni kama kilomita moja, nyingi yake ina paa. Upande wa kaskazini, kutoka eneo la Baiyoke hadi kituo cha Ratchaprarop, ni kama dakika kumi, ila njia ya waenda kwa miguu imejaa meza za wauza nguo na waya za miavuli. Sanduku la magurudumu hapo hubebwa, halivutwi.

Barabara za Ratchaprarop na Phetchaburi zinakutana Pratunam, na makutano hayo ni miongoni mwa yale ambayo teksi huwa hawataki hata kuyasikia. Dereva akisikia jina anatikisa kichwa na kuondoka. Juu ya hayo, njia mpya ya MRT ya rangi ya machungwa inajengwa chini ya eneo hili, kwa hiyo kabla ya kulipa soma maoni ya wateja ya mwezi uliopita, si ya miaka mitatu nyuma, uone kama mbele ya hoteli pamezungushiwa mabati.

Chumba chenyewe kikague kwa mambo mawili. Lifti: majengo mengi ya zamani yana lifti moja ndogo, na jioni wageni wote wanarudi na marobota. Na ghorofa: chini ya ya tano upande wa barabara utasikia mikokoteni ya soko kabla ya alfajiri. Omba chumba cha nyuma.

Kwa chakula cha halali ni rahisi. Soi ya 7 ya barabara ya Phetchaburi, karibu na BTS Ratchathewi, ina msikiti wa Darul Aman na migahawa ya Waislamu wa Kithai imepangana njia nzima. Kutoka Pratunam ni mwendo wa miguu.

Siku ya 3, Jumatatu: Nana na Asok

Mwenye mgonjwa wa kupeleka hospitali ya Bumrungrad atafute chumba Sukhumvit soi ya 3 au vichochoro vya jirani. Soi ya 3/1 ni mtaa wa Waarabu: migahawa ya Kimisri, Kiyemeni na Kilebanoni, maduka ya manukato, wafamasia wanaozungumza Kiarabu. Mtu wa Mombasa au Unguja atakula hapo bila kuuliza maswali mengi, na aliyezoea Muscat atadhani hajasafiri. Bei za vyumba ziko juu kidogo ya Pratunam, na vingi vina jiko dogo kwa familia za wagonjwa wanaokaa wiki mbili tatu. Nyumba za namna hiyo hupunguza bei ukikaa siku saba au zaidi, lakini lazima uulize mwenyewe. Kwenye programu bei hiyo haionekani.

Kosa linalowapata wengi hapa ni namba za soi. Barabara ya Sukhumvit ina namba witiri upande wa kaskazini na shufwa upande wa kusini, na pande hizo mbili haziendi sambamba. Soi ya 55, yaani Thong Lo, inatazamana na soi ya 38. Soi ya 63, Ekkamai, inatazamana na ya 42. Anayeona hoteli soi ya 38 akadhani iko jirani na soi ya 39 atatembea zaidi ya kilomita akivuta sanduku. Jingine ni jina lenyewe: Sukhumvit haiishii Bangkok, inafuata pwani mamia ya kilomita hadi mkoa wa Trat, mpakani mwa Kambodia. Tangazo linalosema tu "Sukhumvit" halijakwambia kitu. Tafuta jina la kituo.

Soi ya 4, ng'ambo ya Nana, ni baa na muziki mpaka usiku mwingi. Ukiwa na mama mzee au watoto, kaa upande wa witiri, na hata huko epuka jengo lililobandikana na soi ya 11.

Asok ni kituo kimoja mbele, na kwa maoni yetu ndipo pazuri kuliko pote kwa anayefanya shughuli sehemu tofauti kila siku. BTS Asok na MRT Sukhumvit zinaungana hapo. Kituo kimoja cha MRT kaskazini ni Phetchaburi, pa kuunganisha na treni ya uwanja wa ndege. Na karibu na Phetchaburi kuna gati ya mashua za mfereji wa Saen Saep.

Mashua hizi ndizo siri ya anayelala Asok au Nana na kununua Pratunam. Hazijui foleni, na nauli yake ni sarafu chache tu. Simama gatini tayari, maana mashua inagusa ukingo kwa sekunde chache, kamba inatupwa, watu wanaruka na injini haizimwi. Shika kamba ya juu, ingiza mguu, sogea katikati. Kondakta mwenye helmeti anatembea ukingoni kwa nje akikusanya nauli. Mpe noti ndogo na umtajie unakoshuka. Ukikaa pembeni wewe ndiye wa kuvuta kamba ya turubai mashua nyingine ikipita, la sivyo maji meusi ya mfereji yanakuingia usoni. Pratunam wote wanashuka; wanaoendelea kuelekea mji mkongwe au soko la nguo la Bo Bae wanapanda nyingine. Mzigo mkubwa haupakiwi, na huduma huisha mapema jioni.

Ndani ya soi ndefu tumia bodaboda wa vizibao vya rangi ya machungwa wanaokaa mdomoni mwa soi. Bei za safari fupi mara nyingi zimeandikwa kwenye ubao wao. Bolt, ile ile ya Dar na Nairobi, inafanya kazi hapa kwa magari na pikipiki, na Grab pia. Lakini programu haifungui barabara: saa 12 jioni dereva anakubali, anakaa dakika ishirini kwenye taa ileile, kisha anafuta.

Siku ya 4, Jumanne: Silom

Wenye tanzanite na vito vingine wanajua njia: barabara ya Mahesak, jengo la Jewelry Trade Center, na ofisi ndogo za ghorofani zinazozunguka hapo. Vituo vya karibu ni Surasak na Saint Louis, cha pili kilifunguliwa 2021. Kulala karibu hapa kuna faida moja ambayo mwenye mawe mfukoni ataithamini kuliko bei ya chumba: unakwenda na kurudi kwa miguu, mchana, bila kupanda gari la mtu. Kagua kama chumba kina sefu iliyopigiliwa ukutani. Ile inayobebeka haina maana yoyote.

Upande wa Sala Daeng, mwanzo wa barabara, ni mabenki, na usiku ni kelele. Upande wa Surasak na Saphan Taksin ni mtulivu zaidi, na Saphan Taksin unashuka ngazi moja kwa moja hadi gati ya Sathorn ya mashua za mto. Msikiti wa Haroon uko Charoen Krung soi ya 36. Ijumaa vibanda vya chakula hujipanga njiani kuuelekea. Silom soi ya 20 nayo ina msikiti wake.

Kwenda Pratunam kutoka hapa unapanda BTS hadi Siam, unabadilisha treni kwenye jukwaa la ghorofa nyingine, na unashuka Chit Lom. Nauli za sehemu hii ya BTS ni baht 17 hadi 47 kwa viwango vilivyoanza 2023. Mashine nyingi za zamani zinapokea sarafu tu, hivyo nunua kaunta kadi ya nauli ya BTS, iitwayo Rabbit. Kadi hiyo haifungui MRT. Kule unagusisha kadi ya benki ya Visa au Mastercard getini, au unanunua sarafu ya plastiki.

Siku ya 5, Jumatano: mji mkongwe

Vijana wenye mabegi ya mgongoni hulala Banglamphu, karibu na barabara ya Khao San. Ni rahisi na kuna uchangamfu, lakini treni haifiki. Anayelala huko akitaka kununua Pratunam kila siku amejifunga mwenyewe kwenye foleni. Kwa kutembelea tu, panda mashua ya mto ya bendera ya machungwa kutoka Sathorn hadi Tha Chang, baht 16, au MRT hadi Sanam Chai. Dereva wa bajaji anayekwambia kasri limefungwa leo na kwamba kuna duka la vito lenye punguzo la serikali, usibishane naye. Endelea na safari yako hadi getini.

Siku ya 6, Alhamisi: mbali kidogo, nafuu kidogo

On Nut ni vituo vitano mashariki ya Asok. Kwa bei ya chumba kidogo cha Asok unapata kikubwa, supamaketi ziko chini ya kituo, na chakula cha mitaani ni cha bei ya wenyeji. Gharama yake ni asubuhi: kati ya saa 1 na nusu na saa 3 treni za kuelekea Siam zinafika zimejaa, na unaweza kuachwa na mbili tatu. Ukiwa huna miadi ya asubuhi, kaa On Nut bila wasiwasi. Huai Khwang, kwenye MRT, ni biashara ile ile.

Mitaa hii ndiyo imejaa vyumba vya kondo, yaani fleti za watu binafsi, vinavyotangazwa kwa usiku mmoja. Sheria ya hoteli ya Thailand ya 2004 hairuhusu kukodisha chumba chini ya siku 30 bila leseni ya hoteli, na majengo mengi yamebandika kwenye lifti tangazo la kukataza. Dalili ni ujumbe wa mwenye chumba: funguo iko kwenye kisanduku nje, ukiulizwa sema wewe ni rafiki yangu. Mlinzi akikuzuia saa 7 usiku ukiwa na masanduku, aliyechukua fedha yako hapokei simu.

Ramkhamhaeng ina wanafunzi wengi, Waislamu wengi na chakula rahisi, na foleni yake ni sifa mjini. Ifae anayekaa miezi.

Siku ya 7, Ijumaa: kutoka

Hoteli nyingi zinataka uachie chumba saa 6 mchana, na ndege nyingi za kuelekea Afrika huondoka usiku. Katikati ya saa hizo kuna Ijumaa jioni. Acha mizigo mapokezi, uchukue karatasi yenye namba, na upange kutoka ama kabla ya saa 9 alasiri ama baada ya saa 2 na nusu usiku. Kama ndege ni ya saa 5 usiku huna chaguo la pili.

Aliyelala Silom au On Nut ahamie usiku wa mwisho karibu na Phaya Thai au Makkasan ikiwa ana mizigo mizito. Phaya Thai ndiko treni inaanzia, kwa hiyo unaingia behewa tupu na kupata kona ya kuegesha masanduku. Anayepandia Makkasan saa 12 jioni hupata mlango tu. Kabla ya siku hiyo nenda kituoni mikono mitupu, utafute mlango wenye lifti, maana si kila ngazi ina lifti na baadhi ya ngazi za umeme hupanda tu, hazishuki.

Pima masanduku hotelini. Mizani zipo mapokezi katika hoteli nyingi za Pratunam, kwa sababu wageni wao ndio hao. Kilo zinazozidi zipeleke ofisi ya kago Alhamisi, si Ijumaa. Ijumaa mchana foleni ya kupima inatoka nje ya mlango, na kijana wa kago atakwambia mzigo utaondoka Jumatatu.